Mtengeneza Divai wa Vidunda na Kosa Langu

Habari ilinifikia Jumanne, nikiwa kwa fundi miwani mjini Morogoro, nimekaa kitini nikisoma herufi za ukutani. Aliyepiga simu ni katekista wa Vidunda, mtu ambaye hanitafuti ila kuna jambo. Alisema mama yetu wa mizabibu amefariki asubuhi ile nyumbani kwake, baada ya kunywa uji na kuuliza kama ukungu umeondoka. Alikuwa amekaribia miaka tisini. Nilimwomba fundi radhi, nikatoka nje, nikasimama barazani mpaka miguu ikachoka. Wasomaji wa safu hii mmenizoea nikizungumzia mvua, mbolea na uvivu wetu sisi wastaafu. Leo naomba mnivumilie nimkumbuke mtu ambaye wengi wenu hamkumjua, na ambaye nilimkosea vibaya. Jina lake silitaji. Alikuwa hapendi jina lake lizunguke, na katika hilo angalau nataka nimtii.

Alikuwa mtengeneza divai. Najua wapo watakaoshangaa, maana ukitaja divai nchini kwetu kila mtu anafikiria Dodoma na jua lake. Lakini kule juu Vidunda, katika milima inayotazamana na bonde la Kilosa, padri mmoja mgeni alipanda mizabibu nusu ekari miaka michache kabla ya Uhuru, kwa kuwa alichoka kusubiri divai ya misa ije kwa treni kutoka pwani na pengine isije. Aliipanda kwenye mteremko unaotazama mashariki, akaujengea matuta ya mawe. Jua linaupiga mteremko ule asubuhi, ukungu ukishapanda. Ikifika alasiri mlima wenyewe unautia kivuli. Kipupwe baridi yake si ya mchezo. Zabibu zinaiva taratibu, ndogo, ngozi ngumu, na hata zikiwa tamu hubaki na uchachu fulani unaoamsha ulimi. Marehemu aliingia pale akiwa msichana wa kuosha chupa. Nchi ilipopata Uhuru alikuwa anajua kupogoa, na padri alipougua akarudishwa kwao, yeye ndiye aliyebaki anajua kila kitu. Kila mwaka alitoa mapipa mawili, na parokia zote za jirani ziliitegemea divai ile.

Mimi nilifika huko mwanzoni mwa miaka ya sabini, bwana shamba mpya mwenye cheti kipya na viatu vipya. Basi lilinishusha Kidodi, nikapanda mlima kwa miguu siku nzima, mzigo wangu umebebwa na wenyeji wawili waliokuwa wakinisubiri kila baada ya kona. Wakati huo Vidunda ilikuwa imekwisha kuwa kijiji cha ujamaa. Watu walikuwa na shamba la pamoja la mahindi, duka la pamoja, na parokia ilikuwa imelikabidhi shamba la mizabibu kwa kijiji. Wanakijiji walilipokea kwa moyo mmoja. Walichukua vipando, wakapanda mizabibu mingine kule chini karibu na mto, mahali penye joto zaidi, wakitumaini kwamba siku moja divai ya Vidunda itafika hadi kwenye hoteli ya wageni wa mbuga kule Mikumi.

Siku ya pili nilikwenda kumwona. Nilimkuta amepiga magoti kwenye tuta, ana kisu kidogo mkononi na kanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba, Bwana Shamba. Umelala salama? Viatu vyako vitakuumiza hapa. Vua ukae."

Alinikalisha juu ya jiwe, akaingia kwenye kibanda cha mapipa, akatoka na vikombe viwili vya bati. Akaniambia nionje cha kwanza, halafu cha pili, halafu nimweleze tofauti. Nilionja. Nikamwambia vyote ni divai. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Hii ya mkono wa kulia imetoka tuta la juu, pale penye mawe. Hii imetoka tuta la chini, kwenye kijito. Shamba ni hilo hilo, siku ya kuvuna ni hiyo hiyo. Rudia tena, usiwe na haraka." Nikarudia, na mara ya tatu nikaihisi tofauti, ya kwanza ikiwa kavu na ya pili laini zaidi. Nilifurahi kama niliyefaulu mtihani. Ningekuwa na akili ningekumbuka somo lile. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kwenye mfuko wa shati nilikuwa na mpango wa kazi niliouandika mwenyewe kwa wino wa bluu.

Mpango wangu ulisema hivi: zabibu zote za kijiji, za juu na za chini, zivunwe kwa pamoja, zikamuliwe siku moja, ziingie kwenye pipa kubwa moja. Niliona fahari ndani ya neno lile, moja. Kijiji kimoja, pipa moja, divai moja. Na zaidi ya hapo, mkuu wangu wa Kilosa alikuwa ametuma habari kwamba atapanda mlima na wageni kuja kuona, na nilitaka waikute shughuli nzima ikifanyika mbele ya macho yao. Nilipomweleza marehemu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba zabibu za chini zitaiva mapema. Zikingojea za juu, zitaoza kwenye magunia. Na za juu zikivunwa zizifuate za chini, zitakuwa mbichi.

"Kila shamba lina siku yake," alisema. "Nipe vyombo viwili. Sitaki kingine."

"Mama, tukianza kutenga vyombo, kesho kila mtu atataka chake. Huo siyo ujamaa."

Alinitazama. Akasema, "Haya. Wewe ndiye mtaalamu."

Mambo yakawa kama alivyosema. Zabibu za chini zilivunwa, zikakaa siku nne kwenye magunia ya katani kuwasubiri wageni. Siku ya tatu nzi wadogo walikuwa wengi kiasi kwamba ukifungua gunia unafumba mdomo. Za juu tulizivuna kabla ya wakati, nyingine bado za kijani. Wageni walikuja, wakapiga makofi, wakateremka kabla ya jioni. Tukafunga pipa. Miezi mitatu baadaye mapadri wa parokia walipotuma watu kuchukua divai ya misa, tulifungua na harufu ya siki ikatupiga usoni. Haikufaa altareni wala mezani. Kwa mara ya kwanza tangu mizabibu ile ianze kuzaa, parokia zile zilikosa divai, na jasho la familia zaidi ya arobaini lilimwagwa kwenye mtaro nyuma ya kibanda.

Kamati ya kijiji ilikaa wiki hiyo hiyo. Mwenyekiti alikuwa mzee wa Kiislamu aliyehamia pale kutoka kijiji cha Ulaya, huko huko Kilosa, mtu wa maneno machache, hajawahi kuonja divai maishani mwake na hakuficha hilo. Alikuwa na hoja nzito. Mwaka ule chakula kilikuwa kidogo. Alisema, "Mimi sina ugomvi na mizabibu. Lakini watoto hawali divai, na sasa hata divai yenyewe hatuna." Kisha akanigeukia akaniuliza mimi, kama mtaalamu, nini kilichoharibika.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anitazame vizuri. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalijua tangu siku ile ya nzi. Lakini nilimfikiria mkuu wangu, nikaifikiria taarifa niliyokwisha kumpelekea Kilosa, yenye maneno ya kujisifu, nikasikia sauti yangu ikisema, "Nadhani vyombo havikuwa safi."

Watu wote waligeuka wakamtazama yeye, maana vyombo vilikuwa kazi yake tangu akiwa msichana. Mwenyekiti akamuuliza ana la kusema. Alisimama. "Vyombo nilivisafisha mwenyewe, kwa maji ya moto, mara tatu," alisema, akakaa. Hakunitaja, wala hakunitazama. Kamati ikaamua mizabibu yote ing'olewe kiangazi, matuta yalimwe mahindi mvua za vuli zitakapoanza.

Ilipita miezi minne. Nilifanya kazi nyingi katika miezi hiyo, nadhani kuliko wakati mwingine wowote maishani mwangu. Nilipima mashamba, nikafundisha kupanda kwa mistari, nikateremka Kisanga kutafuta mbegu, nikapanda tena. Nilikuwa nakwepa njia inayopita kwenye mteremko ule. Nikikutana naye kisimani nilimwamkia, na yeye aliitikia marahaba yake kamili, bila kuipunguza hata kidogo, na hiyo ilinichoma kuliko kama angenitukana.

Kipupwe kilipoanza, mwenyekiti alinituma nimpelekee habari ya siku ya kung'oa: zilikuwa zimebaki wiki tatu, mara baada ya mkutano wa kijiji. Nilipanda asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya matuta na nilisikia sauti ya kisu kabla sijamwona. Alikuwa anapogoa. Mistari mitatu ilikuwa imekwisha, safi, matawi yaliyokatwa yamefungwa mafungu. Nilidhani labda hajui. Nikamwambia siku iliyopangwa.

"Najua," alisema. "Nilisikia jana kisimani."

"Sasa mama, unapogoa mizabibu itakayong'olewa?"

"Mwezi wake ndio huu." Alikata tawi jingine. "Usipopogoa mwezi huu, mwaka kesho huvuni. Kama wataing'oa, wataing'oa ikiwa imepogolewa."

Nilikaa chini, juu ya tuta lenye umande, na maneno yakanitoka yote kwa pamoja. Nilimwambia kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba nililijua, kwamba nilimsingizia. Alisikiliza huku akiendelea na kazi.

"Hayo nayajua, mwanangu. Nilikuwepo."

"Kwa nini hukusema mbele ya kamati?"

Ndipo alipoacha kisu. "Ningesema, wangesema mwanamke wa kanisa anabishana na serikali. Mjadala ungekuwa mimi na wewe, na shamba lingekufa siku ile ile. Neno hilo halina nguvu likitoka kwangu. Lina nguvu likitoka kwako." Akakichukua tena kisu. "Mimi nimekasirika, usidhani sijakasirika. Lakini siwezi kupogoa kwa hasira."

Mkutano wa kijiji ulifanyika uwanja wa shule. Ajenda ya kwanza ilikuwa mizabibu. Niliomba kusema kabla haijafunguliwa. Nilisimama mbele ya watu wale, wengine wamekaa kwenye madawati, wengine chini, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa: magunia, siku nne, zabibu mbichi, wageni, na uongo wangu kuhusu vyombo. Niliposema neno uongo, mtu mmoja nyuma alicheka, halafu akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Mwenyekiti alinigeukia. "Siku ile kwenye kamati nilikuuliza. Mbona hukusema?"

"Niliogopa, mzee."

"Ulimwogopa nani? Sisi?"

"Nilihofia kazi yangu."

"Na yeye je? Yeye hakuwa na kazi?"

Nilitazamia kwamba marehemu atasema neno la kunisamehe, au la kunilaani, chochote. Alisimama, akaweka kanga yake sawa, akasema, "Ndugu mwenyekiti, nashukuru. Sasa naomba niseme ninachotaka." Akaeleza akihesabu kwa vidole. Mizabibu ya juu ibaki. Matuta ni membamba na mawe ni mengi, mahindi pale hayatashika, lakini maharage yatakubali kati ya mistari, na hayo watoto wanakula. Kule chini, nusu ya mizabibu ing'olewe, walime mahindi, kwa kuwa ardhi ya mto ni nzuri mno kwa chakula. Nusu inayobaki ivunwe siku yake, ikamuliwe peke yake, iingie kwenye pipa lake. "Na siku ya kuvuna," alimalizia, "itatajwa na anayeonja. Asiitaje anayesubiri wageni." Safari hii watu walicheka, na mimi nikacheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka moto. Nilielewa kwamba mpango ule wote alikuwa amekwisha kuupanga kichwani miezi minne iliyopita, na kwamba alikuwa anangoja tu mlango ufunguliwe.

Mwenyekiti aliipa mizabibu msimu mmoja wa majaribio. Mimi niliitwa Kilosa, nikapewa barua ya onyo, nikarudi nayo mfukoni nikitegemea uhamisho ambao haukuja. Na msimu ule nilifanya kazi chini ya mwanamke yule kama mwanafunzi. Nilijifunza kutafuna mbegu ya zabibu kujua kama imeiva. Nilijifunza kwamba zabibu za chini zilizovunwa mapema, zikiwa bado zimekaza, hutoa divai nyeusi, laini, isiyofanana kabisa na ile ya juu na isiyo na sababu ya kufanana nayo. Watu wa shamba la chini, ambalo tulikuwa tumezoea kuliita shamba baya, walianza kutembea wameinua vichwa.

Siku ya kufungua mapipa, marehemu alimwita mwenyekiti. Mzee alisema, "Mimi sinywi, mama, unajua." Akamjibu, "Sikukuitia kunywa. Una pua." Akamletea vikombe viwili. Mzee alivinusa kimoja kimoja, polepole, kwa uso wa mtu anayechagua mbegu. Akasema hiki kinanuka kama kule juu ukungu unapoondoka, mawe yakiwa bado yamelowa. Na hiki kinanuka mapera yaliyoiva sana. Hakuna aliyekuwa amemwambia kipi ni kipi. Marehemu alipiga makofi mara moja tu, akamwambia, "Mwenyekiti, wewe ungekuwa fundi." Toka siku ile hoja ya kung'oa haikurudi tena, na divai ya misa ilifika kila parokia kabla ya Pasaka.

Nimesikia mengi yakisemwa kuhusu miaka ile, na vijana wengi wanazungumza kana kwamba tulikuwa kundi la watu waliodanganyika. Mimi siwezi kusema hivyo. Nilikula mahindi ya shamba la pamoja, na nilimwona mjane akijengewa nyumba kwa siku mbili na watu ambao hakuwaomba. Lakini nakiri kwamba wengine wetu, hasa sisi tuliotoka vyuoni, tulidhani kushirikiana ni kufanana. Tulitaka nyumba za mstari mmoja na zabibu za pipa moja, na aliyesema shamba lake lina tabia yake tulimwona mbinafsi. Mwanamke yule hakuwahi kutaka shamba liwe lake. Alikufa bila kumiliki hata mzabibu mmoja. Alichokitaka ni kwamba kila kipande cha ardhi kisikilizwe, halafu kinachopatikana kiwe cha wote, na alifundisha kazi ile kila aliyekuja kuuliza, Mkristo kwa Mwislamu, mwenyeji kwa mjukuu wa vibarua wa mkonge aliyepanda mlima kutoka bondeni kutafuta pa kuishi. Kwa maoni yangu yeye alikuwa mjamaa kuliko mimi mwenye mpango wa wino wa bluu.

Nilikwenda kwenye mazishi. Gari sasa hufika karibu zaidi, lakini sehemu ya mwisho bado ni ya miguu, na nilipanda nikipumzika kila baada ya kona. Misa ilisomwa kwa divai ya mteremko ule. Baadaye kikundi cha akina mama wanne kilinionyesha kibanda kipya, paa la bati, chupa zimelazwa kwenye mchanga mbichi, kila fungu na kipande cha karatasi chenye jina la tuta lake kilichoandikwa kwa mkono. Kiongozi wao, mwanamke wa miaka thelathini hivi, alinieleza kwamba mwaka huu wamepanda mistari sita mipya juu zaidi, penye baridi zaidi, na kwamba marehemu alibebwa hadi pale mwezi uliopita aone. Nilimuuliza alisema nini. "Alisema tumechelewa, hapo tungepanda zamani," alijibu, akatabasamu.

Nimekaa kazini miaka mingi baada ya Vidunda, nimesimamia watu, na nimewaona wengi wakikosea. Makosa ya kazi hayajawahi kunitisha tena. Pipa likichacha, utapanda, utapogoa, utavuna tena. Lakini kosa lako likimwangukia mtu mwingine nawe ukanyamaza, basi kila siku unayonyamaza unalitenda upya. Kama yuko kijana anayesoma hapa, ameanza kazi juzi, na kuna mtu anabeba lawama yake, aende akaseme leo, hata kama sauti inatetemeka na hata kama barua ya onyo itakuja. Mimi nilingoja miezi minne, na hiyo miezi minne ndiyo sehemu pekee ya kisa hiki ambayo hakuna aliyeweza kuitengeneza. Mengine yote aliyatengeneza yeye.